Jinsi ya kulinda siri za washiriki wa utafiti wa afya: mwongozo kamili, toka kibali mpaka siku ya kufuta data

Nianze na kilichonifanya niandike hii. Miaka ya nyuma nilikua nasimamia data kwenye mradi mmoja wa utafiti, sitautaja, tulikua tunafuatilia kina mama wanaoishi na VVU. Upande wa data tulijiona tumekamilika, kompyuta ina paswadi, madodoso yako kwenye kabati la chuma, kila dodoso lina namba tu, jina hakuna. Sasa siku moja naingia ofisi ya uhasibu kufuatilia posho za vijana wa fildi, nakuta mezani karatasi ya malipo ya nauli za washiriki: jina kamili, namba ya simu, saini, na juu kabisa kwa herufi kubwa jina lote la utafiti pamoja na neno VVU. Ilikua imelala pale toka asubuhi na foleni nzima ya watu wa miradi mingine ilikua imepita mbele yake. Karatasi moja tu, na kazi yote ya namba na makabati ikawa bure, maana kila jina lilikua limekaa pembeni ya ugonjwa wake.

Toka siku ile msimamo wangu ni huu: siri za washiriki mara nyingi hazivujishwi na wadukuzi, zinavuja kwenye mazoea yetu ya kila siku, yani karatasi ya nauli, picha kwenye grupu la WhatsApp, fleshi iliyoazimwa, simu iliyopokelewa na mume. Na karibu yote hayo unaweza kuyazuia kabla hujakutana na mshiriki wa kwanza. Mtu akikueleza ugonjwa wake amekukabidhi amana, na wakati mwingine kakwambia kitu ambacho nyumbani kwake hakuna anayekijua, kwahiyo hii sio kazi ya kujaza fomu ili kamati ya maadili ikupitishe.

Nawaandikia zaidi wanafunzi wa masters, wasaidizi wa utafiti na watu wa data kwenye miradi midogo isiyokua na mwanasheria wala mtu wa IT. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya.

HATUA YA 1: Chora safari ya mshiriki mmoja

Chukua karatasi kubwa, kaa na timu nzima, dereva na mhasibu wawepo, afu chora safari ya mshiriki mmoja toka anapojulikana mpaka data zake zinapofutwa. Tuseme ni dada anakuja kliniki. Jina lake liko kwenye rejesta ya kituo. Nesi anamnong'oneza kuhusu utafiti. Anasaini fomu ya ridhaa. Anahojiwa, majibu yanaingia kwenye kishkwambi. Anatolewa damu, chupa inabandikwa lebo, fomu ya maabara inajazwa. Analipwa nauli. Anapigiwa simu baada ya mwezi. Hajaonekana, mtu anatumwa kumtafuta nyumbani.

Sasa kila kituo kwenye hiyo safari jiulize swali moja tu: hapa jina na ugonjwa vinakutana? Vikikutana, weka duara jekundu. Mara ya kwanza kufanya hili zoezi tulipata maduara 11 na sisi tulikua tunafikiri ni moja tu, fomu ya ridhaa. Kuna moja lilitoka kwa dereva, akasema gari la mradi lina nembo kubwa mlangoni na likipaki mbele ya nyumba ya mtu jirani wote wanajua mradi unahusu nini. Hakuna mtu wa data angeliona hilo.

Kila duara jekundu litafutie dawa kabla hujaanza. Mengine dawa yake ni rahisi sana. Utafiti upewe jina fupi lisilosema ugonjwa, kwa mfano jina la maua au la mto, na hilo ndo litumike kwenye karatasi za nauli, kwenye gari, kwenye meseji, kwenye bahasha, na hata kwenye lebo ya mlango wa chumba cha mahojiano. Jina refu la kisayansi libaki kwenye protokoli, yani mpango rasmi wa utafiti, kwenye vibali na kwenye fomu ya ridhaa, kwa sababu pale mshiriki ana haki ya kujua ukweli wote.

HATUA YA 2: Usikusanye usichokihitaji

Data ambayo hukuikusanya haiwezi kuvuja. Pitia dodoso swali kwa swali na kila swali litetee: litajibu lengo gani la utafiti? Kama jibu ni "huenda tukahitaji baadae", toa.

Tarehe kamili ya kuzaliwa inahitajika kweli au umri kwa miaka unatosha? Namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, ya nini? Jina la kitongoji ni la uchambuzi au ni la kumtafuta mtu? Kama ni la kumtafuta, likae kwenye karatasi ya mawasiliano, sio kwenye data za uchambuzi. Vitu vya kumtafuta mtu na vitu vya kumchambua havipaswi kulala kitanda kimoja.

Kenya kuna kesi ambayo kila mtafiti anapaswa kuijua. Februari 2015 lilitoka agizo la rais la kukusanya taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha, lengo lilitajwa kua ni kuboresha huduma. Watu wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile linavunja katiba, linagusa faragha na maslahi ya mtoto, na majina yaliyokwisha kusanywa yahifadhiwe kwa namna ambayo haiunganishi jina na hali ya mtu. Ukiangalia vizuri swali la msingi pale ni hilihili la hatua hii. Kupanga dawa na huduma unahitaji idadi, majina ya watoto ya nini?

HATUA YA 3: Vibali na sheria

Tanzania bara unaanza na kamati ya maadili ya taasisi yako kama ipo, afu kwa tafiti zinazohitaji kibali cha taifa unaenda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambako kuna kamati ya taifa inaitwa NatHREC. Zanzibar ni ZAHRI, taasisi yao ya utafiti wa afya, na kamati yake ya maadili ya ZAHREC, usifike Unguja na cheti cha NIMR peke yake ukadhani umemaliza. Watafiti wa nje wanapita pia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya unapata idhini ya kamati iliyosajiliwa, kwa watu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kitabibu, ni SERU, afu leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Kitu ambacho watu hawafanyi ni kusoma masharti yaliyoandikwa kwenye cheti. Cheti cha NIMR kina muda, kawaida mwaka mmoja, kuna ripoti za maendeleo, kuna suala la ruhusa kabla ya kuchapisha. Ukiendelea kukusanya data siku moja baada ya cheti kuisha hizo data huna kibali nazo, haijalishi ni nzuri kiasi gani. Weka ukumbusho kwenye simu miezi 3 kabla.

Upande wa sheria ya data, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya na za jenetiki zinahesabiwa nyeti, na taasisi inayokusanya au kuchakata taarifa za watu inatakiwa kusajiliwa. Kenya wana sheria ya 2019 chini ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kibali cha maadili hakikuondolei wajibu wa sheria hizi, ni vitu viwili tofauti, na vyote viwili unatakiwa uwe navyo. Muulize mapema mtu wa sheria wa taasisi yako kama taasisi imesajiliwa, usisubiri mfadhili akuulize.

HATUA YA 4: Ridhaa ambayo mtu ameielewa

Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji akikukubalia, amekuruhusu kuingia eneo lake. Hajakuruhusu kuingia kwenye mwili wala maisha ya mtu yeyote. Nimeona vijana wa fildi wanafika kwa bibi wanasema "shikamoo bibi, tumetumwa na mwenyekiti", na bibi wa watu anajua hapo hana tena nafasi ya kukataa. Sentensi hiyo ipigeni marufuku kwenye mafunzo. Kama mwenyekiti au mhudumu wa afya ngazi ya jamii kawasindikiza, akishawatambulisha aondoke kabla mazungumzo ya ridhaa hayajaanza, na hasa asijue nani kakubali nani kakataa.

Pili, lugha. Fomu nyingi zimeandikwa Kiingereza kwanza afu zikatafsiriwa neno kwa neno na hazieleweki hata kwa mwalimu. Iandike upya kwa Kiswahili cha kuongea. Damu usiseme mililita 5, sema kijiko kimoja cha chai, na mwonyeshe chupa yenyewe. Kwa pwani yetu hili ni zito kuliko mtafiti mgeni anavyoweza kufikiria, watu wamekua na habari za mumiani toka enzi za mababu, na mtu akiuliza damu yangu mnaipeleka wapi anauliza swali la maana kabisa, anastahili jibu kamili: inapimwa nini, inakaa wapi, kwa miaka mingapi, inasafirishwa nchi gani, na ikibaki inafanywa nini. Kupanga watu kwa bahati nasibu kwenye makundi, mfano wa kurusha shilingi unaeleweka haraka.

Afu mwambie wazi utafiti sio tiba. Watu wanakuja hospitali wakiumwa, wanamkuta mtu kavaa koti jeupe, wanadhani hii ni sehemu ya matibabu. Waambie kwa maneno haya haya: ukikataa, daktari atakuhudumia vilevile na dawa zako ziko palepale.

Tatu, jaribu uelewa. Usiulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndio kwa heshima tu. Muombe akueleze yeye: "Mama, hebu niambie kwa maneno yako, tukimaliza leo damu yako inaenda wapi? Na ukiamua wiki ijayo hutaki tena utafanyaje?" Akikwama, wewe ndo hujaeleza vizuri, rudi nyuma.

Nne, matumizi ya baadae, na hapa ndo tafiti kubwa zimeanguka. Kabila la Wahavasupai wa Arizona, Marekani, walitoa damu kuanzia 1990 wakijua ni kwa ajili ya kisukari ambacho kilikua kinawamaliza. Baadae ikajulikana sampuli zilitumika pia kwenye tafiti za skizofrenia (ugonjwa wa akili), za watu kuoana ndani ya ukoo, na za asili ya kuhama kwa watu wao, ambayo ilipingana na simulizi zao wenyewe za walikotoka. Mwaka 2010 chuo kikuu cha jimbo kilikubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha damu iliyobaki. Watafiti walikua na karatasi za ridhaa zilizosainiwa. Tatizo ni kwamba karatasi ilisema mambo kwa upana na watu walielewa kisukari.

Kwahiyo kwenye fomu yako tenganisha maamuzi, kila moja na kisanduku chake cha ndio au hapana: kushiriki utafiti huu, kuhifadhiwa sampuli kwa tafiti nyingine, sampuli au data kutoka nje ya nchi, kuchunguzwa vinasaba, kupigiwa simu baadae. Mtu aweze kukubali la kwanza na kukataa mengine yote na bado akawa mshiriki kamili. Afu hayo majibu yaingizwe kwenye data kama vigezo, yani kila jibu na safu yake, maana nimeona miradi ina visanduku vizuri kwenye karatasi ila kwenye kompyuta hakuna, na baada ya miaka 3 hakuna anayejua sampuli ya nani isiguswe.

Tano, usiahidi usichoweza. Usiseme "siri yako haitajulikana kamwe". Sema nani ataona: timu ya utafiti, wakaguzi wa maadili, na kama kuna hali ambayo sheria inakulazimisha kutoa taarifa, mfano mtoto anaumizwa, iseme hapohapo. Na akitaka kujitoa, mwambie mpaka lini data zake zinaweza kuondolewa, kwa sababu zikishaondolewa utambulisho na kuchanganywa na za wengine huwezi tena kuzipata.

Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye yeye kamchagua na ambaye sio mtu wa mradi. Chini ya miaka 18 mzazi au mlezi anaridhia, na mtoto mwenye umri wa kuelewa anaulizwa na yeye, akikataa imetosha.

HATUA YA 5: Namba ya mshiriki na daftari la funguo

Namba ya mshiriki isibebe habari yoyote. Sio herufi za jina na mwaka wa kuzaliwa, sio namba ya faili la hospitali, na tafadhali sana sio namba ya CTC, yani ya kliniki ya VVU. Namba ya CTC imejengwa kwa namba za utambulisho za mkoa, wilaya na kituo, na mtu yeyote wa afya akiiona tu anajua huyu ni mteja wa kliniki ya VVU, yani umeandika ugonjwa wake kwenye paji la uso. Tengeneza namba za kubahatisha mapema, zichapishe kwenye stika, kila mshiriki anapewa inayofuata: moja kwenye dodoso, moja kwenye chupa, moja kwenye fomu ya maabara. Ongeza tarakimu ya mwisho ya kukagua makosa ili mtu akikosea kuandika mfumo umkatalie.

Daftari la funguo, yani orodha inayosema namba 4071 ni mama fulani, ndo kitu cha hatari kuliko vyote ulivyonavyo. Likae peke yake. Kama ni karatasi, kabati tofauti na madodoso, chumba tofauti ikiwezekana, na ufunguo kwa watu wawili tu wanaojulikana kwa majina. Kama ni faili, lisikae kwenye kompyuta ile ile ya data, na liwe limeenkriptiwa, yani limegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka mpaka uwe na paswadi. VeraCrypt na 7-Zip ni za bure na zinafanya hiyo kazi. Paswadi ya Excel ya kuzuia watu wasibadilishe seli sio ulinzi, inafunguka kirahisi mno.

Fomu za ridhaa zina majina na saini, kwahiyo nazo zinahesabiwa upande wa funguo. Usizipini pamoja na dodoso. Naandika hili kwa sababu kila mradi niliowahi kuukagua nilikuta angalau mafungu kadhaa yamepiniwa pamoja "yasipotee".

HATUA YA 6: Fildi

Vishkwambi viwe na PIN na skrini ijifunge baada ya dakika 1 au 2. Kwenye ODK, programu ya kukusanya data kwa simu au kishkwambi, kuna uwezo wa kuenkripti fomu: unaweka ufunguo wa umma, ule wa kufungia tu, kwenye fomu, na mhojaji akishaikamilisha haisomeki tena kwenye kifaa, hata kikiibiwa stendi ya daladala mwizi anapata kifaa tu. Ubaya wake ni kwamba ukipoteza ufunguo wa faragha, ule wa kufungulia, data hizo huzipati tena, kwahiyo tengeneza nakala mbili uziweke sehemu mbili salama kabla ya siku ya kwanza, na jaribu kuzifungua kwa data za mfano. Tuma data kila jioni kwenda kwenye seva, afu futa kwenye kifaa.

Simu. Huku kwetu simu moja inaweza kua ya nyumba nzima. Wakati wa ridhaa uliza: namba hii ni yako peke yako? Nani mwingine anaweza kupokea? Nikipiga nijitambulishe vipi? Muda gani uko peke yako? Andika majibu yake na yafuatwe. Tunavyofanya sasa ni kwamba mpigaji anauliza kwanza mtu mwenyewe, akipokea mwingine anasema "naomba umwambie anipigie akipata nafasi, ni wa" halafu lile jina fupi la utafiti, basi. Hakuna kutaja kliniki, hakuna kutaja majibu. Meseji hivyohivyo, meseji inasomwa hata skrini ikiwa imefungwa. Na namba za washiriki zisiseviwe kwenye simu binafsi za wahojaji, kua na simu ya mradi.

WhatsApp. Grupu la timu litakuwepo tu, huwezi kulizuia, ila weka sheria tatu: hakuna jina la mshiriki, hakuna picha ya fomu, hakuna picha ya mtu wala nyumba yake. Mhojaji akikwama kwenye swali anauliza kwa namba ya mshiriki. Picha inayotumwa grupuni inajiseva kwenye simu za watu wote, na simu hizo wanachezea watoto nyumbani.

Gari lisimame mbali kidogo na nyumba, mtembee. Au mkutane pale mshiriki atakapochagua mwenyewe.

Malipo kwa simu nayo yaangalie. Ukituma nauli kwa M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) kwa wingi kuna faili la majina na namba linabaki kwenye akaunti na linaenda uhasibu, kwahiyo lile jina fupi ndo litumike na huko.

HATUA YA 7: Kuhifadhi

Hii ni fupi. Laptopu zote zienkriptiwe diski nzima, BitLocker ipo kwenye Windows nyingi. Nakala tatu, moja iwe nje ya jengo. Kila mtu na akaunti yake, hakuna paswadi ya timu. Mtu akiacha kazi akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo, sio mwisho wa mwezi. Fleshi usitumie kwa data za watu, na kama hakuna namna basi faili liwe limeenkriptiwa, na kamwe usiichomeke kwenye kompyuta ya stationari ili uchapishe, zile kompyuta zinabaki na nakala. Kama mnatumia REDCap, mfumo wa kuingiza na kutunza data za utafiti, kila kigezo chenye utambulisho kiwekeeni alama hiyo toka mnapojenga fomu, itawaokoa kwenye hatua inayofuata.

HATUA YA 8: Kuondoa utambulisho kabla ya kumpa mtu mwingine

Watu wengi wanafuta safu ya jina na ya simu wanasema tayari. Miaka ya 90 jimbo la Massachusetts lilitoa data za hospitali za wafanyakazi wake bila majina, na Latanya Sweeney, akiwa bado mwanafunzi, akalinganisha na orodha ya wapiga kura na kumpata gavana William Weld mwenyewe pamoja na rekodi zake za matibabu. Baadae akakadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta.

Huku kwetu hata hiyo orodha ya wapiga kura haihitajiki, jamii zetu zinajuana. Tuseme kwenye data kuna mwanamke, miaka 34, mwalimu, kata fulani, kajifungua mapacha mwaka jana. Kama kata ina shule ya msingi moja, kila mtu pale kashamjua, na sasa wanajua na majibu yake ya kipimo.

Fanya hivi. Orodhesha vigezo ambavyo jirani anaweza kuvijua bila kuambiwa: jinsia, umri, kazi, mahali, ndoa, idadi ya watoto, dini, ulemavu. Hesabu kila mchanganyiko una watu wangapi, kwenye programu za takwimu, Stata ni amri ya contract, R ni count, kwenye Excel tengeneza jedwali la PivotTable. Kundi lenye watu chini ya 5 ni hatari. Unganisha: umri uwe wa miaka mitano mitano, kata iwe wilaya, kazi iwe "ajira rasmi". Rudia kuhesabu mpaka makundi madogo yaishe, na yale yaliyogoma ondoa hicho kigezo kabisa.

Tarehe zisogezwe. Kila mshiriki unamsogezea tarehe zake zote kwa idadi ileile ya siku, hivyo nafasi kati ya ziara na ziara inabaki ila tarehe halisi haipo. REDCap inafanya hilo wakati wa kutoa data.

Majibu ya maelezo marefu yasome moja moja kwa macho. Humo ndo mnakua na "mume wangu ambaye ni diwani". Hakuna programu ninayoiamini kwa hilo kwa Kiswahili, soma mwenyewe.

GPS za nyumba zisitoke kabisa zikiwa halisi. Watu wa tafiti za demografia na afya, hizi za DHS ambazo Tanzania na Kenya zinafanyika, wanasogeza hata vituo vya maeneo, sio nyumba: mjini mpaka kilomita 2, vijijini mpaka kilomita 5, na sehemu ndogo ya vijijini mpaka kilomita 10. Na ramani kwenye ripoti ni hivyohivyo, nukta moja kwenye kijiji kidogo ni nyumba ya mtu.

Data za vinasaba zichukulie kwamba hazifichiki. Machi 2013 watafiti wa Ulaya waliweka hadharani jenomu, yani vinasaba vyote, ya seli za HeLa, zile zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951 bila yeye kuulizwa. Familia yake haikuulizwa safari hii pia, na jenomu ile ilikua inasema kitu kuhusu watoto na wajukuu walio hai. Ikaondolewa, na Agosti mwaka huo taasisi ya afya ya Marekani ikakubaliana na familia kwamba anayetaka kuitumia aombe kwa kamati ambayo ndugu wawili wamo. Ndo maana vinasaba vinawekwa kwenye hazina yenye kamati ya kupitia maombi, sio kwenye tovuti ya wazi.

HATUA YA 9: Kushirikisha wengine

Data au sampuli zikitoka nje ya nchi kunatakiwa mkataba wa kuhamisha, wa sampuli na wa data, na NIMR wana taratibu zake. Kwenye mkataba iandikwe wazi zinatumika kwa nini, mpaka lini, nani mwingine asipewe, zikirudi au zikiharibiwa nani anathibitisha, na watafiti wa huku watashirikije kwenye uchambuzi na uandishi. Hilo la mwisho lisimamie. Kijana aliyetembea kilomita 12 kutafuta washiriki anastahili kujifunza kuchambua hizo data na jina lake lionekane.

Kingine cha sasa hivi: usibandike data za washiriki kwenye ChatGPT wala AI nyingine ya mtandaoni ili ikusaidie uchambuzi au kutafsiri mahojiano. Zimeshatoka kwenye mikono yako, na mshiriki hakuridhia hilo. Unataka msaada wa kuandika amri za R? Tengeneza safu 10 za data za kubuni, tumia hizo.

HATUA YA 10: Ikivuja

Itavuja siku moja, kishkwambi kitaibiwa au imeili itaenda kwa mtu siye. Jambo la kwanza timu ijue kwamba anayetoa taarifa haraka haadhibiwi, maana ukiwatisha wataficha na wewe utajua baada ya mwezi. Siku hiyohiyo andika: nini kimepotea, za watu wangapi, zilikua zimeenkriptiwa au la, nani anaweza kuziona. Zima akaunti, futa kifaa kwa mbali kama inawezekana. Toa taarifa kwa kiongozi wa utafiti, kamati ya maadili, na mamlaka ya ulinzi wa data. Kenya sheria inakupa saa 72 kumfikia Kamishna toka ulipojua. Afu washiriki wenyewe, kama kuna uwezekano wa kuumia, wafuate uso kwa uso na mtu wanayemwamini, wasisikie sokoni.

HATUA YA 11: Mrejesho, kisha kufuta

Kabla hujafunga, rudi. Mkutano wa kijiji, matokeo kwa lugha ya kawaida, muda wa maswali. Hakikisha tu humo ndani hamtaji makundi madogo, usisimame mbele ya kijiji kusema "hapa kitongoji cha juu tulikuta wawili".

Kufuta kunafuata tarehe uliyoiandika kwenye protokoli. Cha kwanza kufa ni daftari la funguo, mara tu hakuna sababu tena ya kumtafuta mtu. Karatasi zichanwe kwa mashine au zichomwe mkiwa mnaangalia mpaka ziishe, msizitoe kama taka za kawaida, karatasi za ofisi zinaishia kufungia maandazi na karanga na kila mtu anazisoma. Watu wawili wasaini hati kwamba zimeharibiwa, tarehe na idadi. Faili za kompyuta zikumbukwe pamoja na nakala zake zote, ya klaudi, ya diski ya nje, na zile viambatisho kwenye imeili za mwaka wa kwanza.

Karatasi za nauli hazitakufa siku hiyo. Zinakaa uhasibu kwa miaka kwa ajili ya wakaguzi na wewe huna mamlaka nazo, hata mradi ukiwa umeisha na kila mtu kahamia kwingine. Kwahiyo ile karatasi unayoichapisha wiki ya kwanza, kabla haijapelekwa kwa mshiriki wa kwanza kusaini, isome kichwa chake tena.